Bwawa la Zege la Mtaani Kwetu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Sisi tupo, ila babu yako kifua bado kinambana. Umeuliza kwa nini lile bwawa lenye nguzo zilizopinda halirushi maji.

Alilijenga kaka yangu Hamisi. Siku ya kufunguliwa maji yaliruka juu, tukapiga vigelegele. Kesho yake akaja jirani yetu Mwanaidi, aliyetoka kumzika mwanawe aliyekufa kwa kuhara baada ya kunywa maji machafu.

"Fundi, visima vyetu vimekauka, nanyi mnayachezea maji?"

Hamisi alifunga koki huku akilia. Wakubwa waliomwagiza alijenge walimfukuza kazi, naye akafa bila kushika tena mwiko. Lakini hata wao hawakuthubutu kuifungua koki ile mbele ya Mwanaidi.

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako, Tabora