Wapangaji wa Chupa ya Siki

Ijumaa, 12 Mei

Mayai! Nimeyaona kwa macho yangu, yamebandikwa ndani ya ile chupa ya siki chini ya maji, mchangani, mbele ya gati. Dume anayalinda, jike anachungulia mdomoni mwa chupa kama mama mwenye nyumba. Ni gobi wa manjano, visamaki vidogo, hata kidole changu cha mwisho hawakifikii. Wageni ninaowaongoza kuzamia huomba kuonyeshwa hao kwanza. Nina furaha kama bibi aliyepata mjukuu.

Kesho usafi wa ghuba. Shangazi Saling, mkuu wa akina mama wa kanisa, kasema Jumapili sanamu ya Mtakatifu ikipitishwa kwa mashua, haipiti juu ya chupa za walevi. Nilimuunga mkono kwa kelele kuliko wote. Bahari safi — nani akatae?

Jumamosi, 13 Mei

Haipo! Chupa haipo! Mchanga mtupu, umefagiliwa kama ua. Na sikumwonyesha mtu yeyote wa hapa, nikiogopa waongozaji wenzangu wataniibia wageni. Mjinga mimi!

Shemeji Crisanto yuko ufukweni anajigamba, magunia yamejaa. Nikamuuliza, ya siki iko wapi?

"Dada Belen, leo unapika?"

Akacheka. Alipoona machozi akaacha, akaanza kufungua magunia mwenyewe.

Ilikuwa imesimama wima pembeni mwa gunia, nusu maji, tope limeziba mdomo. Nikaiinua juani. Wapo! Wote wawili! Nikakaa chini palepale. Asante Mungu, asante.

Shangazi akachungulia. "Ndio hawa? Hata kukaanga hawafai." Lakini ndiye aliyekimbilia ndoo ya maji ya bahari, na magoti yake yale.

Nimezama nao mwenyewe, nikairudisha chupa mahali pake. Jike katoka, kazunguka chupa, karudi ndani. Mayai hayajabanduka. Nimelia ndani ya miwani ya kuzamia.

Mchana, tunakula wali wa kunata, roho imetulia. Crisanto akauliza, taratibu: na hizo nyingine je, kuna aliyechungulia?

Kila mtu akaacha sahani.

Nimeingia kuchukua beseni la pili, naandika nimesimama. Wanasuuza chupa moja moja. Kwenye kopo la dagaa katoka gobi mmoja — hai! Magunia mengi bado. Na lori la taka limeshafika, dereva anapiga honi, anasema hana siku nzima. Shangazi Saling amekalia gunia, rozari mkononi. Anamwambia apige mpaka achoke.