Mama Masika ni Mumoja

Yaya Zawadi, mukubwa wangu,

Usinikasirikie kama nimekawia kukuandikia. Kwanza nilikuogopa. Kisha nikabeba mimba. Kisha wivu ikanikamata, na mutu mwenye wivu anaandika maneno ambayo hapana kurudisha. Leo wivu ingali, lakini mutoto amelala, bwana anashona nyavu nje, na kama siandiki sasa, Jumapili, siku ya Mungu, itafika, mutoto atabatizwa, na jina ambayo sitaki itabaki juu yake.

Mimi ni Devota, ule wa Butembo. Utanikumbuka. Nilikuwa nakuja huku Kyavinyonge na mama yangu kununua samaki, na sweta na viatu vya masomo, kwa sababu kwetu kule mulimani ni baridi. Viatu vilinaswa katika tope, ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanivua viatu, ukaniosha miguu katika ziwa kama mutoto wako, ukanisuka nywele tukingojea gari. Ulisema: "Wewe kadogo, joto ya huku itakuoa." Ilinioa kweli, Yaya. Ilinioza kwa bwana yako.

Unajua vile ilifika. Ulienda Beni na ule ugonjwa wa kuambukiza, bakakuzika kule kule, bwana yako Kambale hakuruhusiwa kugusa hata mukono wako. Miaka ikapita. Kisha jamaa yake bakaja kwetu kuniposa, mbuzi zikapanda mulima, padri akatubariki.

Habari za huku. Ziwa imepanda, imekula pale ulikuwa unakaushia samaki, donc nilihamisha moto yako nyuma ya jiko. Viboko bangali banatembea katika parcelle za batu, mpaka mbele ya milango, kama bako na kiwanja. Jirani yako Mama Neema amefungua kibanda ya kuchaji simu, na vijana bote banakaa kwa mulango wake na miziki ya Kilingala, mpaka kuku zake zinalala zimechoka. Anasema wewe ungemukataza. Kila mutu huku anajua kitu wewe ungefanya.

Samaki yangu inavunjika mukia. Nawasha moto vile banasema uliwasha, naweka chumvi vile banasema uliweka, lakini ikifika Butembo mukia haiko. Banunuzi banasema: "Ya Zawadi ilikuwa inafika nzima." Mutu aliyekufa, namushinda namna gani? Kama ungekuwa hai, ningeamuka mapema kukupita. Ungezeeka kidogo, ningefurahi kidogo. Lakini wewe huzeeki. Mimi maziwa inashuka, macho imeingia ndani, sijalala vizuri tangu nilizaa. Wewe uko kwa ukuta, katika picha, umevaa kikwembe ya njano, kiuno ile ile.

Sasa jina.

Nilizaa musichana. Ni uzazi wangu wa kwanza. Sisi Banande, musichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, hapana kufikiri sana. Na kwetu mutoto anahesabiwa katika tumbo ya mama yake. Nilitoka naye hospitali, kwa maternité, nikimuita Masika njia nzima, ili azoee. Mama mukwe alitungojea kwa mulango. Akamupokea, akamubusu kwa paji, akasema: "Kavugho wangu amefika."

Nikasema: "Mama, ni Masika."

Akaonyesha binti zako, akasema: "Masika ule pale anachota maji. Kavira ule pale. Nyumba hii imeshahesabu. Huyu ni wa tatu."

Kambale akaangalia nyavu zake kama hajawahi kuziona.

Yaya, unasikia vile ni nzito? Mutoto wangu akienda Alimbongo, akienda Kasugho, popote kuko batu betu, atasema "naitwa Kavugho," na bataniuliza mimi: bale babili ba kwanza bako wapi? Nijibu nini? Niseme nilibazaa kwa tumbo ya mutu mwengine? Na mimi bataniita Mama Kavugho, mimi ambaye nimezaa mara moja tu. Kitanda nilikuta ni yako. Masufuria ni yako. Bwana, akichoka sana, ananiita kwa jina yako, na mimi naitika, juu nimechoka pia. Nilinyamaza kwa yote hii. Lakini katika tumbo yangu pia umetangulia kuingia?

Juzi munuzi mupya kutoka Butembo, asiyetujua bado, aliyesikia jina tu, aliita kule kwa ziwa: "Mama Masika, leta samaki tuone." Nikageuka. Mama mukwe akasema mbele ya bamama bote: "Huyo hapana. Mama Masika ni mumoja, na ameshakufa." Bamama bakainamia vikapu. Sikulia pale. Nililia jikoni, nikasema ni moshi.

Lakini kabla sijaenda jikoni, binti yako mukubwa akatua bidon yake ya maji. Yuko na mudomo yako, unajua. Akamwambia bibi yake: "Mukaka, mimi niko Masika, na huyu ndiye mama ananisuka. Na mutoto akiwa Masika, si muzuri? Mukituma Masika kuleta chumvi, mutapata mara mbili." Bamama bakacheka. Hata mukaka yake alificha kinywa na kitambaa. Na mimi, badala ya kufurahi, wivu ikanichoma tena, juu hata sauti ya kunitetea ilikuwa sauti yako.

Donc nimeamua. Siku ya Mungu, padri akiuliza mutoto anaitwa nani, nitajibu mimi, kwa sauti, kabla mutu mwengine hajafungua kinywa. Masika. Nilimwambia Kambale asubuhi tukikunywa chai. Alitua kikombe chini. Kisha akauliza: "Na Zawadi?"

Nikasema: "Zawadi nitamwandikia mimi mwenyewe."

Ndiyo hii barua.

Sikunyanganyi kitu, Yaya. Binti yako atabaki Masika, wa kwanza wa tumbo yako, na nitakuwa wa kwanza kumukatalia mutu atakayemuita kwa jina ingine. Kikwembe yako ya njano iko katika valise, sanduku ya nguo, na vidonge vya kufukuza wadudu. Sijaivaa, sitaivaa, hata siku sina nguo. Ni ya binti yako siku ataolewa. Siku ya kukukumbuka nitabapeleka bote batatu kwa misa, na mudogo nitamwambia kwamba kabla yake kulikuwa mama mwengine mwenye jina yangu. Nakuahidi hivyo. Na bakiita Mama Masika kule kwa ziwa, nitaitika. Mutu akisema wewe ulianza, sitabisha.

Lala vizuri. Wasingya, asante, kwa miguu uliyoniosha.

Vitu vichache bado nahitaji unitumie, hata katika ndoto. Namna ulikuwa unashika samaki ukiigeuza, mukia isivunjike. Ule wimbo wa kumulaza Kavira. Anasema anausikia katika kichwa lakini hajui unaanza wapi, na mimi sijui. Neno moja kwa mama mukwe, la upole, usimuogopeshe, moyo yake si nzuri. Kwa Kambale usitume kitu. Kwake nyamaza kidogo, tafadhali. Na jina ya Masika, Yaya. Unitumie kwa kupenda kwako mwenyewe, kabla ya siku ya Mungu.

Ni mimi,
Mama Masika, ule wa Butembo