Yowe Nililopiga kwa Ajili ya Lori la Kwenye Televisheni

Igoma, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Majura,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kwanza nauliza mguu wako. Ule uvimbe umepungua au bado unauburuza kwenda nao ziwani? Mihogo imeshika? Na mvua huko Majita imekuja au inatishia tu? Mimi mwili ni mzima. Binti yetu Nyamisi ananitunza, chakula sikosi, na mumewe Deus ni mkwe mwenye adabu. Lakini moyo haujatulia, na nitakueleza kwa nini.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nyamisi alitaka kuniandikia nikakataa, kwa sababu angeilainisha. Wewe shahidi, kisomo cha watu wazima nilimaliza wa kwanza darasa zima, mwalimu alisema mbele za watu. Kama herufi zinapanda mlima, basi ni karatasi haina mistari.

Sikiliza sasa. Atakuja mtu hapo nyumbani kutoka huku, au atamtuma mwingine, aseme mzee Bwire amerukwa na akili Mwanza, ukoo utoe ng'ombe ili asamehewe. Usitoe ng'ombe. Usitoe hata kuku. Ndiyo maana naandika haraka, habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwao.

Ile kazi ya udereva niliyoifuata huku sijaipata. Malori ya ushirika yameuzwa, hilo unalijua, na hawa wanunuzi wapya wa pamba wa soko huria wanataka vijana. Mmoja alinitazama mvi akaniuliza, "Mzee, macho yanaona?" Nikamwambia mimi nimepita Usagara na lori na tela lake, mvua inanyesha, matope mpaka kwenye ekseli, wenzangu wote wamelala njiani, nimepita peke yangu. Akasema ahsante mzee, tutakuita. Mpaka leo hajaita. Hasara ni yake.

Deus naye alipopunguzwa kazi kiwandani, ile pesa ya kuagwa alinunua televisheni na mashine ya gemu, zile zinazoletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai. Amefungua chumba cha upande wa barabarani, vijana wanalipa, wanacheza kwa zamu. Mimi nakaa mlangoni nasimamia zamu wasipigane. Na katika kusimamia, na mimi nikaingia. Usicheke.

Kuna gemu moja vijana wanaiita Jiji, jina lake la Kizungu ni refu halitamkiki. Imetoka mara mbili, kuna Jiji la kwanza na Jiji la pili, na wanasema la tatu wazungu wanalitengeneza. Ni mji mzima umeingia ndani ya televisheni. Unauona kutoka juu, kama mwewe anavyoona vifaranga. Gemu nyingine zina njia moja, ukitoka kando umekufa. Hii hapana. Ukitaka kushoto nenda kushoto, ukitaka kusimama simama mpaka jua litue. Hakuna kizuizi barabarani, hakuna karani wa kukuuliza kibali. Unakumbuka walivyonishusha na yale magunia ya mtama ya mama yangu, eti nimeyavusha wilaya bila karatasi? Humo ndani ningepita napiga honi. Nilipoliona mara ya kwanza nilisema, soko huria wanalolitangaza redioni ndilo hili.

Ubaya ni kazi yenyewe ya humo. Unakuwa mwizi. Unamvuta mtu kwenye gari lake, unamtupa lami, unaondoka nalo. Vijana hawafanyi lingine toka asubuhi. Mimi nilikataa. Nilichukua pedi, ndiyo kile kidude cha kushika mkononi, nikaenda bandarini humo ndani, nikakuta lori limekaa halina mtu. Hilo sio la kuiba, hilo ni kama la ushirika. Nikaliendesha toka bandari mpaka ng'ambo ya mji bila kugonga hata mbwa. Penye taa nyekundu nasimama. Vijana wakashika matumbo kwa kucheka.

"Babu, pita, hakuna polisi!"

"Mimi nasimama kwa sababu ya taa, sio ya polisi."

"Babu, unamaliza zamu umesimama!"

"Zamu ni yangu."

Siku si nyingi wakaanza kuacha kucheza ili wanitazame. Dereva ni dereva hata akiwa ndani ya kioo.

Lakini kulikuwa na kitu kinanisumbua katika Jiji, la kwanza na la pili. Mwenye gari akishatupwa chini, anaamka, anajipangusa, anakwenda zake. Walio kando wanapita. Nyumba zimebanana vile, watu wamejaa vile, wala mtu hageuzi shingo. Hakuna anayepiga yowe. Nilimwuliza Deus, mji gani huo usio na jirani? Akasema, "Baba, wale sio watu, ni picha." Nikamwambia aliyewachora ni mtu, na kila mtu anachora anachokijua. Akaenda kuhesabu pesa za zamu. Sana sana huwa ana kazi nyingine nikisema.

Sasa Jiji la pili lina jambo ambalo la kwanza halina. Humo wezi wengine wapo, mashine yenyewe inawaendesha. Siku moja mchana nipo na lori langu, nimesimama kwenye taa kwa heshima zangu. Akaja mmoja ana shati jekundu, akafungua mlango, akanivuta, akanitupa lami. Lori likaondoka. Lori langu, Mama Majura! Sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilipiga yowe, lile lile la wizi wa ng'ombe, na kifua changu unakijua, kinasikika ng'ambo ya ghuba.

Na sheria ya yowe unaijua, kwetu na huku Usukumani ni moja. Ukilisikia unalipokea, unashika chochote ulicho nacho, unakimbia kulifuata. Huulizi kwanza. Asiyetoka anahesabiwa ni mwenzake mwizi. Basi fundi seremala wa mkabala akalipokea, wanawake wa mashine ya kusaga wakalipokea, mtaa mzima ukalia. Nilitoka mlangoni nikipunga mikono, "Hakuna kitu! Ni la kwenye televisheni!" Nani atasikia sauti ya mtu mmoja ndani ya yowe?

Barabarani alikuwa anapita kijana muuza miwa na baiskeli yake. Anaitwa Kulwa, anatoka upande wa Magu, mtaani kwetu hajulikani. Aliposikia yowe akafanya kama wazazi wake walivyomfundisha. Akalaza baiskeli chini, akashika panga lake la kumenyea miwa, akakimbia kuja kusaidia. Fikiri mwenyewe, watu wanatoka majumbani wanatafuta mwizi, wanamwona mgeni anakimbia na panga mkononi.

"Huyu hapa!"

Nilipita katikati ya miguu yao nikamlalia. Kwa umri huu! Fimbo zilinipata mgongoni, ndipo seremala akanitambua akapiga kelele, "Acheni, ni Babu!" Wakaacha. Kijana alikuwa amevunjika mkono na mbavu, jicho moja limefumba. Alikuwa anasema neno moja tu, "Nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja."

Nikasimama pale pale nikawaambia: yowe ni langu, mwizi ni wa kwenye gemu, huyu hana kosa. Mzee Masanja, ndiye mwenyekiti wa sungusungu, wale walinzi wa mtaa, akanishika bega akasema, "Bwire, zile fimbo zimekuchanganya. Kapumzike." Kijana akapelekwa hospitali, na polisi wakapewa habari kwamba ni mwizi amekamatwa na panga, akipona afunguliwe kesi.

Jioni Masanja akaja nyumbani na wenzake. Tukakaa uani.

"Bwire, ukisema yule sio mwizi, sisi tulifanya nini pale?"

"Mlimpiga mtoto wa watu."

"Hapana, mzee mwenzangu. Tulipiga mwizi, na wewe ndiye uliyetuamsha. Tumekaa tumezungumza. Tunataka uwe mkuu wa ulinzi upande huu. Yowe kama lako hatujalisikia miaka mingi."

Sitakuficha, yale maneno yaliniingia vizuri. Toka nije Mwanza ni wa kuambiwa tutakuita. Nyamisi alikuwa anapepeta mchele kando, nikasikia ungo umenyamaza. Ananijua baba yake. Nikasema, "Masanja, cheo nakitaka, na hakuna anayekistahili kunizidi. Lakini hakitakaa juu ya mbavu za mtu. Njooni muone wenyewe lori lilivyoibwa."

Wakaja siku ya pili, wazee wamejaza chumba cha Deus, wengine wako dirishani. Nikashika pedi. Nikalipeleka lori kwenye taa ile ile, nikasimama. Nikamngoja yule wa shati jekundu. Hakuja. Taa ikawaka kijani, nikazunguka mtaa, nikarudi, ikawa nyekundu, nikasimama. Hakuja. Huo ndio ubaya wa gemu isiyo na njia moja, jambo linatokea leo, kesho ukiliita halitaki.

"Sasa mwizi wako yuko wapi?" Masanja akauliza.

"Atakuja."

"Sisi tunaona mzee anaendesha lori tu."

"Tena anaendesha vizuri," mwingine akasema dirishani. Wakacheka wote.

Hata wakati ule sikugonga mtu, Mama Majura. Deus akaninong'oneza, "Baba, mpe kijana mmoja pedi aibe gari, waone." Nikakataa. Kwamba humo ndani watu wanaiba hakuna aliyebisha. Walichobisha ni kwamba mimi niliibiwa. Wakangoja, wakachoka, wakainuka mmoja mmoja. Masanja akasema mlangoni, "Tumekuja, tumeona, hakuna mwizi humo. Mwizi yuko hospitali."

Nikaenda kituo cha polisi peke yangu, kwa miguu. Nikamkuta askari kijana.

"Mzee, unataka niandike kwamba uliibiwa lori kwenye televisheni?"

"Andika."

"Ukapiga yowe la kweli?"

"Yowe langu ni la kweli siku zote. Mwizi ndiye hakuwa wa kweli."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Halafu akanitazama usoni, akaiokota, akaandika yote. Nikatia sahihi, sio dole gumba, sahihi, na mkia chini yake. Kulwa hana kesi. Wamemwambia akipona aende zake.

Mtaa wenyewe haukucheka. Wamenitenga. Kwa Wasukuma mtu akitengwa hapigwi hata kofi. Hasalimiwi, basi. Dukani hauziwi chumvi, jirani hampi kaa la moto, bombani wanasogea mpaka aondoke. Atakayemsalimia anatozwa. Nyamisi na Deus hawakutengwa, kwa sharti nisionekane kwenye chumba cha gemu, kwa hiyo hata lori silioni. Ili nirudishwe nilete ng'ombe achinjwe, tule wote, kisha nisimame niseme nilikosea kule kituoni. Ng'ombe ningempata. Maneno hayo ndiyo siyapati.

Asubuhi nilipita kwa seremala, yule yule aliyeniokoa na fimbo. Mdomo wake ulianza kufunguka, akaujaza misumari. Nilimwonea huruma. Nilipita polepole apate muda wa kugeuka.

Deus ananiomba. "Baba, sema tu, ni maneno." Nikimkatalia anasema basi nirudi Majita mpaka watu wasahau. Wewe unanijua, nimewahi kukimbia nini? Nikiondoka watasema mzee amekimbia kwa sababu alidanganya, na yule kijana watamrudia. Nitakaa mpaka atoke hospitali, nimsindikize mimi mwenyewe katikati ya mtaa, mchana, watu wakitazama, mpaka apande gari la Magu na baiskeli yake juu. Baada ya hapo ndipo nitafikiri habari ya kuja nyumbani.

Uji nampelekea mimi. Anakula kwa mkono wa kushoto, hasemi sana. Juzi nilimwuliza, "Kulwa, ukisikia yowe tena, utalifuata?" Alifikiri mpaka uji ukapoa. Akasema, "Babu, sijui."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, sio mgongo wala chumvi. Alikuwa mtu wa kuja, na sasa hajui. Mwombee, na kanisani wamtaje, lakini mimi wasinitaje.

Nifunge hapa, usiku umeingia, umeme umekatika, na taa inakwisha mafuta. Salamu zangu safari hii ni nyingi kuliko kawaida, maana hapa zimenijaa hazina pa kwenda. Mpe shikamoo dada yangu mkubwa, shangazi wa watoto wetu, hata kama masikio hayasikii, mwinamie aone. Mama mkwe wangu naye shikamoo yake. Mwanetu Majura na wenzake wote wa mtumbwi, msalimie kila mmoja kwa jina, usiseme "na wengineo". Msalimie mke wake na wajukuu, na yule mdogo asiyejua kuongea umshike mkono. Msalimie mchungaji. Msalimie mwenye duka wa njia panda na anayemsaidia kupima sukari.

Na yule Mafuru, jirani yetu wa upande wa juu, ambaye toka ugomvi wa mpaka wa shamba mimi simsalimii na yeye hanisalimii. Nenda mpaka mlangoni kwake. Mwambie Bwire anakusalimu. Akiitikia, niandikie upesi.

Ni mimi mumeo,
Bwire Masatu, dereva.