Bunduki ya Mkwe Wangu

Seattle, 12 Agosti 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ni mvua tu inayotuchosha. Goti lako linaendeleaje?

Nina jambo la kukuchekesha. Luz anataka kwenda kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani kwenu. Ndiyo, mke wangu huyu huyu aliyezaliwa ghorofa ya tano. Amefaulu mafunzo ya usalama, na jina lake limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda huko kwenu Montana. Sasa ananiuliza anunue bunduki gani ya komeo la kuvuta kwa mkono, yenye darubini, isiyo ghali. Hawezi kupita dola mia tano kwa vyote viwili, na kuna mwuzaji anayemsukumia magnamu, ile ya risasi nzito. Mimi nimemwambia mambo hayo niliyaacha zamani, amuulize Mama.

Mwanao,
Wendell

Harlan Fork, 19 Agosti 1998

Mwanangu Wendell,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Mimi mzima, goti linatabiri theluji kama kawaida yake. Ningeweza kupiga simu, lakini simu kwangu ni ya salamu na misiba. Mambo ya maana nayaandika, na makosa utanisamehe, mimi shule niliishia darasa la nane.

Mwambie Luz hiyo magnamu amwachie mwuzaji mwenyewe. Mtu akiogopa teke la bunduki hufumba macho kabla hajafyatua, risasi ikaenda inakotaka. Achukue bunduki ya risasi ndogo zaidi, mia mbili sabini, au thelathini-sifuri-sita kama bega lake litastahimili. Elki haulizi risasi ilinunuliwa kwa bei gani. Inamuua kwa pale ilipompata, basi.

Kitako cha bunduki kiwe cha kimo chake, asinyooshe shingo kama bata. Na jicho asilisogeze karibu na darubini. Unamkumbuka baba yako mdogo Orval mwaka ule? Darubini ilimpiga ikamwachia nusu duara juu ya nyusi, na baba yako msimu mzima akawa anamwamkia, "Umeandama leo, Mwezi?"

Hizo za bei nafuu zinazouzwa darubini ikiwa juu tayari si mbaya. Ila skrubu zake hukazwa na mtu anayewaza chakula cha mchana. Azifungue azikaze upya. Kisha apige karatasi ya shabaha, hatua mia, aone kama risasi inakwenda darubini inakoonesha. Na ikigongwa, hata kidogo, hata na mlango wa gari, apige karatasi tena, maana darubini ikihama kidogo tu risasi hupotea.

Nimeanza kuandika habari za bunduki, sasa naikumbuka meza yetu. Baba yako akichora duara kwenye karatasi kwa kifuniko cha mkebe wa kahawa, wewe ukikimbia nayo hadi kwenye ua wa ng'ombe kuibandika. Nyumba nzima ikinuka mafuta ya bunduki na vitunguu, kwa sababu maini ya elki wa mwisho tulikuwa tunayamaliza siku hiyo ili friza ipate nafasi. Mlikuwa mnacheka nyie wawili. Mimi naosha vyombo nasikia mlio, halafu kicheko, mlio, halafu kicheko.

Ikianguka, apige karatasi tena. Mwambie.

Mama yako

Seattle, 1 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumepata barua. Luz ameisoma mara mbili, akaenda nayo dukani kama hati ya mahakama. Mwuzaji akasema, "Mama mkwe wako ni fundi?" Akajibiwa, "Ni mama mkwe, inatosha." Amenunua mia mbili sabini yenye kitako cha plastiki, na darubini ya wastani aliyoifunga mwenyewe.

Atakuja kwako Novemba, umtafutie mtu wa kumwongoza. Mimi siji. Unajua kila mwaka kwenye chakula cha wawindaji Orval husimulia ile habari yangu, na watu wazima wanagonga meza kwa kicheko. Nilimjeruhi mnyama mguu wa nyuma, akaenda kufa porini peke yake. Sihitaji kukumbushwa.

Lakini Mama, mbona habari ya kugongwa umeiandika mara mbili?

Mwanao,
Wendell

Harlan Fork, 9 Septemba 1998

Wendell mwanangu,

Natumaini mu wazima. Mimi sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Umeuliza, nami nitajibu kabla sijaogopa tena. Mwaka ule wa sabini na tisa mlipiga karatasi Jumamosi. Unajua sheria ya baba yako, bunduki ikishapimwa kwa karatasi haiguswi na mtu mpaka msimu ufunguliwe. Aliitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nafagia, nikaishusha nipate kufikia kona. Ikaniponyoka. Ilianguka darubini kwanza, kwenye ukingo wa jiko la chuma. Nikaifuta majivu, nikaitundika.

Nikasema nitamwambia akinywa kahawa. Akanywa. Nikasema nitamwambia baada ya kukamua. Asubuhi ya kufunguliwa msimu akakupa wewe ile bunduki, mara yako ya kwanza, umevaa koti lake, na mimi nikawafungia mikate.

Mlimtafuta yule elki uliyemjeruhi siku mbili kwenye theluji. Mliporudi, baba yako alisema neno moja tu, "Ameharakisha." Nilikuwa nimeshika birika. Ningesema pale pale. Sikusema. Wiki hiyo hiyo akaiuza ile bunduki kwa hasira, kwa hiyo hakuna aliyeipima tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru. Halafu ukaondoka, na baba yako hakuwahi tena kuchora duara kwa kifuniko.

Elki alikuwa hatua sabini tu pale kijitoni, mwanangu. Wewe ulikuwa unapiga kifuniko cha kahawa kwa hatua mia. Hukuharakisha.

Mama yako

Harlan Fork, 4 Oktoba 1998

Wendell,

Hamjambo? Sijapata neno kwenu. Pengine barua imepotea. Kama imepotea niambie, nitaiandika tena yote. Huku theluji imegusa vilele. Luz anywe maziwa ya moto.

Mama yako

Seattle, 11 Oktoba 1998

Mama,

Barua haikupotea.

Baba alikufa akiamini mimi ni mtu wa haraka. Majira yote yale ya baridi hakuniangalia usoni. Mimi mwenyewe nimeamini. Nimekataa kazi mbili nikidhani mikono yangu haifai kwa jambo la hatari. Na wewe ulikuwa pale ukiosha vyombo.

Luz atakuja kama alivyopanga. Mimi usiniandikie kwa sasa.

Wendell

Harlan Fork, 25 Oktoba 1998

Mwanangu,

Umenikataza kuandika, nami nimevunja neno lako. Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Jana ilikuwa chakula cha wawindaji, ukumbi wa kanisa, chapati za maji na soseji kama siku zote. Orval akasimama, akajikohoza, akaanza, "Sasa mnamkumbuka yule mtoto wa ndugu yangu..." Nikasimama. Nimekaa kwenye ukumbi ule miaka arobaini nikimimina kahawa, sijawahi kusema mbele za watu hata amina peke yangu.

Orval akanitania, "Ardis, unataka kutuombea?"

Nikamwambia, "Kaa chini, Orval. Leo nasimulia mimi."

Nikasema yote. Ufagio, jiko, majivu, birika. Sauti ilifika mpaka nyuma. Nikawaambia huyu kijana hakuharakisha, alilenga vizuri kwa bunduki iliyoharibiwa na mama yake, na mama yake akanyamaza akaacha achekwe.

Hakuna aliyegonga meza. Orval akasema polepole, "Kwa hiyo nimemcheka mtoto wa ndugu yangu miaka kumi na tisa bure?"

Nikamwambia, "Si bure. Kwa sababu yangu."

Akavua kofia. Wengine wakavua. Mimi nikachukua koti langu nikarudi nyumbani kwa miguu, goti na lote.

Baba yako nimechelewa kumwambia. Nimekwenda makaburini nikamwambia hata hivyo, lakini najua si sawa.

Mama yako

Seattle, 30 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo.

Baba mdogo alinipigia simu. Alilia, kisha akaniuliza habari za mvua.

Hasira bado ninayo na sijui itakaa muda gani. Usiihangaikie, nitakuja nayo. Usimtafutie Luz mtu wa kumwongoza. Sina kibali, nitambebea mkoba. Alhamisi jioni tutakuwa kwako, na Ijumaa kukipambazuka nitampeleka kijitoni, nimwoneshe pale niliposimama nikafyatua mwaka ule.

Mwanao,
Wendell