Kioo cha Mbele Ambacho Hakikuwa Kioo

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituoni, chumba namba 2, Jumamosi tarehe 18 Machi, kuanzia saa 4:05 asubuhi.
Jina: Mzee Almasi, ndilo analojulikana nalo.
Umri: Miaka 79.
Kazi: Fundi vioo. Anasema hakustaafu, macho ndiyo yaliyostaafu.
Makazi: Nyumba ya uani nyuma ya ghala la mbao, kwa binti yake.

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, mdogo wangu niliyefuatana naye, waajiri watatu, na daktari aliyeniambia nimebakiza miezi sita. Nimekata vioo miaka arobaini na mmoja. Yale madirisha marefu ya mbele ya kituo hiki, Afande, ni mkono wangu. Kaangalie kona, hakuna hata moja iliyomeguka. Hilo liandike. Sasa nitasema la gari, maana nimechoka kulala nalo.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni fundi wa kuchomelea. Ndiye mliyemweka ndani tangu Jumanne. Miaka miwili amekuwa akiunda gari uani kwetu. Chasisi aliitoa kwenye gari bovu, injini kwenye bovu jingine, bodi akaikunja mwenyewe kwa bati. Watu walicheka wakaliita Kobe. Lilipoanza kutembea wakaacha kucheka, wakaanza kuomba lifti.

Mnamo tarehe 8 Januari, Jumapili, saa tisa alasiri, tulikaa uani kuchagua kioo cha mbele. Mezani palikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, kioo cha dirisha, ambacho hakuna mtu mwenye akili angekiweka, lakini kilikuwepo. Cha pili, kioo cha magari, kile cha matabaka mawili chenye utando katikati. Kikipasuka, vipande hushikana. Cha tatu, plastiki ngumu inayong'aa, ile watu wanayoezekea vibaraza.

Mkwe alitaka cha pili. Kwa kuwa hakikunjiki, alipanga kukata vipande viwili bapa na kusimamisha nguzo ya chuma katikati, kama malori ya zamani. Ulikuwa mpango mzuri. Leo nasema hivyo. Siku ile nilisema ni upuuzi.

Nilichukua nyundo nikakipiga kioo cha matabaka mawili. Kikapasuka, kikabaki kimeshikana kama utando wa buibui. Nikaipiga plastiki mara saba. Nyundo ilinirudia mpaka bega likauma, plastiki ikaniangalia tu.

Mkwe akasema, "Baba, haipasuki, ni kweli. Lakini inachubuka. Waipa zikipita juu yake na vumbi, baada ya muda itafifia."

Nikamwambia, "Umechomelea mageti mangapi? Na mimi nimekata vioo vingapi? Basi."

Akakohoa. Mkwe hamwambii baba wa mke wake kuwa amekosea, hukohoa. Miaka tisa naishi kwake, amekohoa sana.

Jirani yetu, mama mwenye duka la spea, alikuwa ameegemea ua. Akasema, "Mzee Almasi, leo umeasi dini. Umekula kwa vioo maisha yako yote, uzeeni umehamia plastiki?"

Nikamjibu, "Kauze mikanda yako."

Sababu ya kukataa kioo sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la mchanga. Kioo chake cha mbele kilipovunjika, mwenye lori hakutaka kungoja, akaniletea vipimo, nikamkatia kioo cha dirisha kitumike siku tatu tu, mpaka kioo cha gari kifike. Siku ya pili jiwe liliruka, na vipande vya kioo kile havikushikana. Imepita miaka thelathini na minne. Kioo kile kilikuwa kimekatwa vizuri sana. Tuendelee.

Tukaweka plastiki. Nilikata mwenyewe, mkwe akaikunja, tukaibana kwa mpira pande zote. Ilikaa kama ilizaliwa pale. Ilikuwa na karatasi ya dukani yenye maandishi madogo. Mimi nasoma vichwa vya habari tu, gazeti lililobaki nalijua kwa kufutia vioo. Karatasi niliibandua nikaitupa. Mkwe alikuwa ameisoma. Jioni ile aliniambia, "Baba, hii huoshwa kwa maji na sabuni, na kitambaa laini. Kitu kingine kisiiguse."

Nikamwambia, "Utanifundisha mimi kufuta kioo?"

Akasema, "Hapana, Baba."

Afande, kila fundi wa vioo wa rika langu alifundishwa hivi: tambara lenye petroli kidogo, kisha gazeti lililokunjwa, unazungusha kuanzia pembeni. Alama ya vidole haibaki. Kila asubuhi, kuanzia siku Kobe alipotoka getini, nililiamkia gari lile saa kumi na moja na nusu nikalifuta hivyo. Nilikuwa na kazi tena. Nilijisikia mtu.

Binti yangu aliniona wiki ya kwanza. Alisema, "Baba, mwenye gari si alikukataza?"

Nikamwambia, "Mwenye gari yuko kitandani. Rudi jikoni."

Baada ya wiki tano niliona ukungu. Nikadhani ni uchafu, nikaongeza petroli. Wiki ya saba ulikuwa umezidi, na ukiangalia kwa karibu kulikuwa na vinyufa vyembamba kama nywele. Mkwe aliona. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, kisha akainama akainusa plastiki. Akasema, "Baba, mwezi ujao tubadilishe hii." Nilijua kwamba anajua harufu ya petroli.

Mnamo tarehe 14 Machi, Jumanne, saa 12:40 asubuhi, tulitoka mimi na yeye kwenda kuchukua vyuma. Yeye akiendesha, mimi kushoto kwake. Kuanzia ghala la mbao mpaka njia panda jua lilikuwa nyuma yetu na hatukuona shida. Tulipokata kona ya mtaa wa mafundi cherehani, jua likaja usoni. Plastiki yote ikawa nyeupe, kama mtu ameimwagia maziwa.

Mkwe akasema, "Baba, sioni kitu," akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani. Mwendo haukuwa mkali, mtu mwenye baiskeli angetupita. Lakini gari lilikuwa limeshaacha njia likaelekea barazani, ambako fundi cherehani alikuwa ameshatoa meza yake na ameinama anapitisha uzi sindanoni. Nilisikia cherehani ikianguka kabla sijaona chochote. Kisha nikamsikia yeye. Mguu wake umevunjika mahali pawili, kwa nilivyoambiwa, na ule ndio mguu wa kukanyagia cherehani.

Saa 1:15 askari wawili walifika. Mmoja aligonga plastiki kwa kidole, akauliza, "Nani aliweka takataka hii?"

Mkwe akasema, "Mimi."

"Na nani aliifanya ikawa hivi?"

Akaniangalia, kisha akaangalia chini. Akasema, "Mimi, afande. Mimi ndiye ninayeifuta."

Na mimi nikanyamaza. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza harusini wala msibani, nilinyamaza. Nilijiambia ni mtu mzima, anajua anachosema. Mkampandisha gari lenu. Mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka saa nne.

Tangu siku hiyo binti yangu ananiwekea chakula na hajaniambia neno, hata salamu. Alhamisi nilichukua kipande cha ile plastiki kilichobaki nilipokata. Nusu nikaifuta kwa maji na sabuni, nusu kwa petroli na gazeti, kutwa nzima, mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa nikarudia. Jioni nikakiinua nikaliangalia jua. Nusu moja niliona mti wa jirani, jani kwa jani. Nusu nyingine sikuona hata mti. Kipande ndicho hiki hapa mezani kwako. Usikishike katikati.

Sikuja jana jioni ileile kwa sababu miguu ilikataa, na si miguu peke yake. Mtu akisema kwa miaka arobaini na mmoja kwamba hakuna anayejua kioo kumshinda, siku ya kusema amekosea mdomo huwa mzito kama mlango wa chuma. Lakini mle ndani mmemweka mtu asiyehusika. Alitaka kioo, akakatazwa na mimi. Akasema sabuni, akapuuzwa na mimi. Kosa lake ni adabu, na hilo sijui kama lina kifungu chake kwenye vitabu vyenu.

Niliyokuwa nayo ni hayo, yaandikwe kama nilivyoyasema, hata pale nilipojisifu. Anayetaka ushahidi wa nyundo na ubishi wa Januari amuulize mama wa duka la spea; atacheka kwanza, kisha atasema kweli. Habari ya mwendo wetu na jua, muulizeni fundi cherehani mwenyewe, wodini, akiweza kuongea nanyi. Lakini la petroli aliyeliona kwa macho ni mmoja tu, binti yangu. Sikumwambia kuwa nakuja hapa. Mwiteni. Huyo hatasema uongo kwa ajili ya mumewe, wala kwa ajili yangu.

Sahihi ya shahidi: ALMASI

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kukubali kuwa ni yake. Ametahadharishwa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, amejibu, "Ndiyo maana nimekuja." Alikataa wino wa dole gumba, akaandika jina lake kwa dakika kadhaa. Kipande cha plastiki kimepokewa kuwa kielelezo. Binti wa shahidi alikutwa nje kwenye benchi, ameleta chakula cha mtuhumiwa. Ameitwa ndani saa 5:20. Alipomwona baba yake alimsalimia.