Matembezi Yetu ya Aden

Aden, Machi 1956

Kwa dada yangu Mwanarusi, Msambweni.

Asalaam aleikum. Shikamoo dada. Mimi ni mzima, nanyi nawaombea uzima.

Meli ilipotia nanga Jumatatu, mimi na mumeo Kibwana tulipewa ruhusa ya kushuka. Tulikwenda kuyatazama mahodhi makubwa ya mawe yaliyojengwa zamani ili kukinga maji ya mvua. Tuliyakuta makavu. Kibwana alicheka, akasema watu wa Kinango, kwa ukame wao, wangeyatamani. Kisha alikununulia udi, nami nimekuwekea.

Siku hiyo makuli wa bandari walikuwa wamegoma. Tulipotoka sokoni, watu walikuwa wakikimbia na askari wako nyuma yao. Mzee mmoja akaanguka mbele yetu.

Nikasema, "Shemeji, twende zetu."

"Tangulia," akanijibu. "Nitamwinua huyu kwanza."

Nilitangulia, dada. Nilipogeuka, nilimwona amembeba mzee mgongoni, na askari wanamtia garini pamoja na waliogoma.

Nahodha hakukubali kumngoja. Meli iliondoka Ijumaa kwenda Bombay, nami nilikuwa nimeshuka na sanduku lake na langu. Sasa napika katika mkahawa ulio karibu na kituo cha polisi. Mama yake akiuliza, mwambie tumechelewa tu.

Kituoni hawaniambii lolote, ila chakula hupokea. Jana nilimpelekea wali na samaki. Sahani ilirudi tupu, na miiba imepangwa ukingoni mmoja mmoja, kama anavyoipanga kwenu. Basi najua yu hai, na anakula.

Ni mimi nduguyo,
Chande Boga