Nakala ya Mapigo Yako

Mumbua,

Nimekukosea. Nianze hapo, maana salamu ndefu hukuzipenda, ungeniambia, "Nduku, sema kitu, chai inapoa." Haya basi. Nilinakili ile faili.

Unajua ni ipi. Ile ya mradi wetu, uliyoijaza kule Kilungu ukiwa umeketi kando ya nyanya yako, Susu wetu, akisokota uzi wa mkonge pajani. Kila mkono wake ukishuka, wewe unagonga kitufe cha kompyuta. Likizo nzima! Mimi nilitaka tuache kompyuta ijichagulie namba, kama wanafunzi wenye akili timamu. Ukakataa katakata: picha zetu zichorwe na mkono wa mtu. Tukaandika programu huku hosteli, Kwa Vonza, wewe ukisema na mimi nikiandika, tukigombana kwa kila mstari. Ilisoma muda kati ya pigo na pigo, ikaugeuza kuwa mistari ya kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, nyekundu, nyeusi, kahawia. Na kila namba ikishatumika, inafutwa. Hilo lilikuwa neno la Susu. Alisema kiondo cha mtu hakirudiwi; ukikisuka tena, mwenyewe atakuja kukichukua. Mimi nilicheka. Wewe ukaniapisha.

Tulipokuzika, namba za Susu zilikuwa zimebaki za picha mbili tu. Mama yako alinirudishia kompyuta kutoka wodini, imefungwa ndani ya leso yako, na mwalimu wetu akanipa mwezi mmoja nimalize. Nikachora ya kwanza. Nikachora ya pili. Zikaisha. Nikabonyeza tena, sijui kwa nini, labda ni mazoea.

Ikachora ya tatu.

Ngai wakwa, Mungu wangu! Ile haikuwa Susu. Mkono wake huenda sawasawa kama mtu anayetwanga. Hii ilikuwa inakimbia, inajikwaa, inasimama, inakimbia tena. Mchana kweupe, wasichana wanafua nguo nje wakipiga kelele, na mimi nimeganda juu ya kitanda chako. Nilipofungua faili ndipo nikaona umeongeza namba zako mwishoni bila kuniambia, na juu yake umeandika: "mimi, shingoni." Vidole viwili shingoni, kimoja kwenye kitufe. Ulikuwa unagonga moyo wako, ule daktari alisema umepanuka. Na kando yake tarehe: asubuhi ile uliyotuacha.

Mwendawazimu wewe. Hata kufa uligeuza kazi ya darasani. Nilikukasirikia siku mbili.

Namba zako zilitosha picha moja zaidi. Programu ingezila, na wewe ungekwisha kabisa. Ndipo nikanakili. Najua ningehifadhi picha tu, lakini picha iliyokwisha kuchorwa haipumui, na mimi nilitaka kukuona ukichora. Kila siku baada ya vipindi nilikuwa nafungua nakala mpya. Picha ilikuwa ile ile: unakimbia, unajikwaa, na kule chini kona ya kulia mistari inaachana, inazidi kuachana, halafu nyeupe. Nikaanza kula mbele yake. Nikaanza kukupa umbea wa hosteli. Siku moja nikajikuta nimeshika shingo yangu, na mapigo yangu yanajikwaa pale pale unapojikwaa. Niliogopa. Na nikwambie ukweli, nilifurahi pia, na hapo ndipo niliogopa zaidi.

Jumamosi nikabeba kompyuta mpaka kwenu. Mama yako alisali kwanza, kisha nikaifungua faili ya kweli, si nakala, pale mezani. Sikuwaambia ni nini. Susu macho yamekwisha siku hizi, haoni hata kikombe chake. Lakini nilipobonyeza aliweka kiganja pajani, akaanza kusokota uzi ambao haukuwepo. Mistari ilipojikwaa, mkono wake ukajikwaa. Haoni, Mumbua! Mimi nilikuwa naisubiri kona ya chini, ninavyoijua: mstari, nafasi, mstari, nyeupe. Ikafika nyeupe. Nikanyoosha mkono niifunge.

"Bado," Susu akasema.

Ukaja mstari mmoja. Kwenye nakala haukuwepo. Nimeichora ile picha mara nyingi hata siwezi kuhesabu, na haukuwepo. Ulikuwa mwekundu, kutoka ukingo mpaka ukingo, umenyooka, haukujikwaa popote. Kisha Susu akapangusa kiganja kwenye nguo yake, afanyavyo akimaliza kazi. Mama yako akauliza hiki ni kiondo cha nani. Nililia mpaka akanishika, na nadhani alijua.

Picha nimemwachia yeye. Mwalimu nimempa zile mbili za Susu, na juu yake majina yetu wote wawili, lako kwanza, ingawa hukuwahi kujifunza kufunga mabano ya programu. Nakala nimezifuta pale pale mezani, moja moja. Kila nikifuta moja nilitaka kuibakiza inayofuata. Ya mwisho niliikalia muda mrefu, mpaka chai ya mama yako ikafanya utando. Halafu nikaifuta.

Pumzika sasa, dada yangu. Kifua chako kimefanya kazi ya kutosha. Nakuahidi sitakuita tena. Na usiponiona nikibonyeza, usidhani nimekusahau.

Nduku